Siku Tatu Chini ya Kitambaa

Areti mke wa Fotis alikuwa akienda dukani mwezi wa Julai, kiangazi kikavu, na mwavuli wa mvua mkononi. Ninaanza na mwavuli kwa sababu ukimuuliza mtu yeyote wa kijiji chetu cha Vrisula habari za Areti, ataanzia hapo hapo, na mimi sitaki kujifanya mwerevu kuliko wenzangu. Jua linachoma mpaka mijusi inatafuta kivuli, yeye na mwavuli wake. "Huwezi kujua," alikuwa akisema. Mlango wake aliufunga kwa ufunguo, akashuka ngazi tatu, akapanda tena kuhakikisha kama kweli ameufunga. Loukia, binti yake wa pekee, alikwenda shule na sweta mbili, moja juu ya nyingine, mpaka darasa la sita, na watoto wenzake wakamwita Kitunguu.

Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka arobaini na minane. Mimi ni Zoitsa, mjane wa Kitsos. Ulimi wangu unajulikana, na sijawahi kuuombea radhi ila ile Jumapili ya kusameheana kabla ya Kwaresima, na hata siku hiyo naomba radhi kwa jumla jumla ili tusikae kanisani mpaka jioni. Kwa hiyo nikisema kwamba mwoga huyu, aliyeogopa hata mawingu ambayo hayajaja, ndiye aliyenionyesha maana ya kumtegemea Mungu, msidhani nampamba. Sijui kupamba watu. Nasema nililoliona kwa macho yangu, na mpaka leo nikilikumbuka mikono yangu inatulia yenyewe.

Kwetu Siku ya Msalaba, tarehe kumi na nne Septemba, ndiyo inayozaa mkate wa mwaka mzima. Siku moja kabla, kila nyumba inamaliza chachu yake ya zamani katika mkate wa mwisho, na chombo kilichokuwa na chachu kinaoshwa. Kesho yake asubuhi tunakwenda kanisani, na padri anatugawia matawi ya mrehani uliolazwa kuuzunguka Msalaba. Halafu nyumba moja tu, nyumba ya Bibi Despo, inakanda unga kwa maji ya vuguvugu, basi. Hakuna chachu, hakuna hamira. Mrehani unawekwa juu kwa mfano wa msalaba, kitambaa cheupe kinafunika, na ni mwiko kukifunua mpaka siku ya tatu. Siku ya tatu wanawake wote tunakwenda na mabakuli, kitambaa kinafunuliwa, na unga umeumuka. Umeumuka wenyewe. Kila mmoja anakata kipande chake, na hicho ndicho chachu yake mpaka Septemba nyingine, ya mkate wa nyumbani na ya mkate unaopelekwa madhabahuni.

Areti aliingia nyumba ile akiwa bibi arusi wa miaka kumi na tisa, akitokea kijiji cha ng'ambo ya mto ambako hawana desturi hii. Bibi Despo alikuwa mama mkwe wake. Mwaka wa kwanza wa ndoa ulimpiga vibaya: majira ya kuchipua alizaa mtoto kabla ya wakati, hakuishi hata saa moja. Agosti Bibi Despo mwenyewe akaanguka kitandani, na ilipojulikana hatainuka, akamwita mkwewe.

"Msalaba unakuja," alimwambia. "Sasa ni wewe. Kanda, funika, ngoja. Na usifunue."

"Mama, nikingoja na usiumuke?"

"Kwani mwanangu, wewe ndiye unayeuumua?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yote. Bibi Despo alizikwa wiki ile ile, na yale mengine ambayo mtu angeuliza, kwa mfano ni baada ya muda gani unga unaanza kuonyesha dalili, alikwenda nayo.

Septemba ile nilikuwa nimeolewa miaka miwili, na nakumbuka tulivyokwenda siku ya tatu tukiwa na mabakuli na maneno mdomoni. Nitasema kweli. Nusu yetu tulikwenda kuona kama utashindikana. Bibi arusi kamzika mtoto, kamzika mama mkwe, yote ndani ya mwaka mmoja. Wanawake walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba ana mkosi, na mimi sikuwa nimeziba masikio. Kitambaa kikafunuliwa. Unga ulikuwa umejaa ukafurika kingo za hori la kukandia, mrehani umeinuliwa juu juu. Bibi wa miaka tisini akapiga magoti akambusu yule msichana mkono. Areti akawa analia, nasi tukadhani ni furaha.

Tangu siku hiyo ukawa "mkono wa Areti". Hakuna mwaka hata mmoja uliokosa. Na hapa lazima niweke jambo langu mwenyewe, maana bila hilo hamtaelewa hasira niliyokuja kuwa nayo. Mwaka ambao Kitsos wangu alianguka kutoka juu ya mti wa jozi akafa, mimi nilimaliza na Mungu. Sikupiga kelele. Niliacha tu. Taa ya mafuta mbele ya picha ya Mama wa Mungu niliiacha izime, sikuijaza tena. Ikaja Siku ya Msalaba, ikaja siku ya tatu, nikaenda na bakuli kwa sababu mkate lazima uliwe. Areti akafunua kitambaa, na ile harufu ikanipiga, harufu chachu kidogo, tamu kidogo, yenye mrehani ndani yake. Unga na maji tu. Nikasimama pale na bakuli langu nikasema moyoni: basi, yupo. Nikarudi nyumbani nikajaza taa. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Miaka ishirini na mitatu imani yangu yote imesimama juu ya bakuli lile.

Sasa nije Septemba ya mwaka huu.

Loukia, yule Kitunguu, sasa ana miaka arobaini na anaishi mjini Yanina na mumewe. Mimba tatu zimemtoka. Ya nne alipata mwishoni mwa Julai, na daktari akamlaza kitandani, haruhusiwi kuinua hata sufuria. Areti alikonda kuliko binti. Alikuwa akipiga simu asubuhi, mchana na jioni, na akikata simu anakuja kuniuliza kama sauti ya Loukia ilisikika sawa, kana kwamba mimi nilikuwa upande wa pili wa waya.

"Muombee basi," nilimwambia siku moja, nimechoka. "Wewe si ndiye mwenye mkono? Wewe ukiomba nani atakukatalia?"

Akanitazama vibaya mno. "Usiseme hivyo, Zoitsa. Tafadhali usiseme hivyo tena."

Sikuelewa. Niliona ni unyenyekevu, na unyenyekevu wa watu wengine hunichosha.

Siku ya Msalaba yenyewe, nimetoka kanisani, nimevua viatu, nimeweka maharage motoni maana ni siku ya kufunga ingawa ni sikukuu, mara mlango ukafunguliwa bila hodi. Areti. Mkononi ana mrehani, na uso umemtoka rangi kabisa.

"Una hamira?"

"Sijambo, na wewe?" nikasema. "Hamira ya nini leo?"

"Ile ya maandazi ya wajukuu wako. Ya pakiti. Unayo?"

"Ninayo. Ya nini?"

Akakaa. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye sanduku la kuni. "Fotis ameosha chupa," akasema.

Fotis ni mwanamume mwema, na katika miaka sabini na mitano ya uhai wake alikuwa hajaosha hata kikombe. Lakini alimwona mke wake jinsi wasiwasi unavyommaliza, akataka kumsaidia. Areti alipokuwa kanisani, yeye akaingia jikoni, akaona nyuma ya debe la mafuta ya zeituni chupa ndogo ya asali, ndani yake kuna tope la unga lililokauka pembeni. Akajua mkewe amesahau chombo kimoja, na desturi inasema vyote vioshwe. Akakisugua kwa jivu mpaka kikang'aa, akakianika dirishani. Areti aliporudi akamkuta amesimama kando yake akingoja sifa.

"Kulikuwa na nini ndani?" nikauliza.

"Chachu ya zamani."

"Ya nini?"

"Ya kutia, Zoitsa. Ya kutia kila mwaka. Mwaka ule wa kwanza, asubuhi ya pili, nilifunua. Aliniambia nisifunue, nikafunua. Ulikuwa umelala pale kama udongo wa kuzibia ufa, haujasogea hata kidogo. Nikawasikia nyote mkinisema, hata kabla hamjafungua midomo. Nikakimbia ng'ambo ya mto kwa mama yangu, nikaomba kipande cha chachu, nikakitia. Mwaka uliofuata sikungoja hata kuona. Nilikuwa nimeshaficha kidogo kwenye chupa. Na uliofuata. Na uliofuata."

"Miaka arobaini na minane?"

"Arobaini na minane."

Nilidhani nitacheka. Kwa kawaida kitu kama hicho ningekicheka mpaka nishike mbavu. Badala yake niliona taa yangu pale ukutani, inawaka, na miaka yangu ishirini na mitatu ya kuijaza.

"Ulinidanganya," nikasema. "Kijiji kizima. Wazee waliokubusu mkono. Mimi mwaka wa Kitsos nilikuja kwako nikiwa sina kitu, sina chochote, nikatazama lile hori lako nikasema yupo! Kumbe nilikuwa natazama chupa ya asali!"

"Sikujua, Zoitsa."

"Ungejuaje? Ulikuwa na kazi ya kuficha!" Nikafungua friji, nikatoa pakiti ya hamira, nikamrushia miguuni. "Chukua! Tia! Usiache sasa, umebakisha mwaka mmoja ufike arobaini na tisa!"

Hakuinama kuiokota. Alikaa akiuzungusha ule mrehani vidoleni. Halafu akasema, polepole, na wala si kwangu: "Namuomba amshike mtoto wa Loukia. Kila siku namuomba. Na kila siku naona haya, maana ndani ya hori lile sijawahi kumwachia hata unga. Unga, Zoitsa. Nitamwachiaje mtoto?"

Akainuka akatoka. Pakiti ilibaki sakafuni.

Siku ile sikwenda kwake, wala sikumsikia kupitia ukutani, na ukuta wetu ni mwembamba. Kawaida unamsikia anafungua, anafunga, anahakikisha. Siku ile kimya. Nilikula maharage yangu nikayaona hayana ladha. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, nami kwa kawaida huwa siogopi. Niliogopa kwamba siku ya tatu wanawake watakuja na mabakuli, kitambaa kitafunuliwa, na chini yake kutakuwa na tope. Areti ataaibika mbele ya Vrisula nzima. Na mimi nitarudi nyumbani nizime taa.

Kesho yake, jua likiwa katikati, Fotis akaja mbio, hajavaa hata kofia.

"Zoitsa! Njoo, njoo! Areti amelala!"

"Amelala vipi?"

"Amelala! Mchana! Tangu asubuhi, hajaamka hata kupiga simu. Namwita haitiki. Na jana usiku vile vile, alilala moja kwa moja, mimi ndiye niliyekaa macho nikimsikiliza anapumua. Miaka arobaini na minane sijamwona analala mchana. Nimwite daktari?"

"Umemkorofisha?"

"Mimi? Mimi nimemuoshea vyombo!"

"Ndiyo hayo sasa," nikasema. "Kaa hapa, kunywa maji. Nakwenda mimi."

Kabla ya kutoka niliiokota pakiti ya hamira nikaitia mfukoni mwa aproni. Siwafichi. Usiku nilikuwa nimeshaamua. Hasira ni hasira, lakini rafiki ni rafiki, na kama yeye ameshikwa na ukaidi wa ghafla wa utakatifu, mimi nitamtilia kijiko kimoja chini ya kitambaa, wanawake watakuja, unga utaumuka, na hatutalizungumza tena mpaka tufe. Ndivyo nilivyomtegemea Mungu mimi, na hamira mfukoni.

Nilimkuta jikoni, kwenye kitanda kirefu cha ubao kilicho kando ya jiko, mahali ambapo Bibi Despo alikuwa akilala zamani. Amelala ubavu, kiganja chini ya shavu. Nilisimama kumtazama kwa muda. Namjua Areti tangu ana miaka kumi na tisa na sijawahi kuuona uso wake hivyo. Katikati ya nyusi ana mikunjo miwili ambayo nilidhani alizaliwa nayo. Haikuwepo. Alikuwa anapumua taratibu, mdomo wazi kidogo, kama mtu ambaye amefikishiwa mzigo wake nyumbani na mwingine. Baadaye aliniambia alichofanya. Alitoka kwangu, akakanda unga na maji, akaweka mrehani, akafunika. Akasimama mbele ya picha ya Mwokozi akasema, "Sina tena cha kuficha. Unga wako, Loukia wako, mtoto wako. Ukiumuka, sawa. Usipoumuka, nitasimama pale mbele yao na Wewe utasimama nami. Mimi nimechoka, nakwenda kulala." Akalala. Na unga ulikuwa bado umelala vile vile. Hilo ndilo ninalotaka mlishike: alilala kabla hajaona chochote.

Lakini mimi sikulijua hilo bado. Nikaliendea hori. Nikatazama mlango, Fotis hayupo. Nikaitoa pakiti, nikaichana pembeni kwa meno, nikaishika mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nikainua pembe ya kitambaa.

Ulikuwa umelala. Bapa, kijivu kidogo, ngozi juu imekauka, matawi ya mrehani yamenyauka. Ndivyo alivyouona yeye mwaka ule, nikawaza, akiwa na miaka kumi na tisa, na sisi nje tukingoja. Maskini wa Mungu. Hasira yangu yote ikaondoka hapo. Nikainamisha pakiti.

Na kabla punje moja haijadondoka, karibu na tawi la mrehani, ngozi ya unga iliinuka. Kitu kidogo sana, ukubwa wa dengu. Kiliinuka, kikawa duara, kikakaa hivyo, kisha kikapasuka bila sauti, kikaacha kishimo. Nilifikiri ni macho ya uzee. Nikasubiri nimeinama, mgongo unaniuma, sikusogea. Kikaja kingine, upande wa pili. Halafu viwili kwa pamoja.

Sijui jinsi ya kuwaeleza. Nimekanda mkate maisha yangu yote, nimeona mapovu ya unga mara elfu kumi, na kila mara nilijua yametoka wapi: nimeyatia mimi. Haya hakuna aliyeyatia. Mtu pekee ambaye angeyatia alikuwa amelala usingizi mzito, na yule wa pili alikuwa mimi, nimeshika hamira yangu hewani kama mjinga. Nikaona nimesimama mahali ambapo mtu anavua viatu. Nikarudisha kitambaa taratibu, nikakaa chini, sakafuni, na nikalia kwa machozi ambayo hayakuwa na uchungu hata chembe. Kitsos wangu alikuwemo katika machozi hayo. Sikumwomba Mungu chochote. Nilikuwa tu mbele Yake, na Yeye alikuwepo, na jikoni kulikuwa kimya.

Nilirudi nikamkuta Fotis amekunywa maji, ameosha hata bilauri.

"Vipi? Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Anapumzika. Muache."

"Anapumzika kutokana na nini?"

"Kutokana na kila kitu," nikasema. "Na ukimgusa nitakuvunja mguu."

Siku ya tatu tulikwenda na mabakuli. Padri Lambros alikuja pia, ana magoti mabovu lakini siku hiyo hakosi. Areti alikuwa amesimama nyuma ya hori, amefunga kitambaa chake kizuri cha kichwani, mikono imeshikana mbele. Mimi niliyeona mapovu nilikuwa nalihamisha bakuli mkono huu na huu. Yeye alitulia. Hakuwa amefunua, tangu alipofunika hakuwa ameugusa. Akatutazama mmoja mmoja, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwaka huu sijui kilichomo humu." Akafunua.

Ulikuwa umeumuka. Haukufurika kama miaka ya nyuma, siwezi kusema uongo. Ulikuwa umefika nusu ya hori, umejaa matundu, mrehani umeinuka pamoja nao, na ile harufu ikatoka. Wanawake wakafanya ishara ya msalaba kama kila mwaka. Mmoja wao, mke wa muuza duka, akasema, "Mwaka huu mdogo kidogo, Areti." Areti akacheka. Alicheka mpaka akajishika kwenye ukingo wa hori, na Padri Lambros akauliza kama kuna jambo.

Walipoondoka wote akafunga mlango. "Zoitsa, ulikuja nilipokuwa nimelala. Fotis kaniambia. Niangalie usoni. Ulitia kitu?"

Nikaitoa pakiti mfukoni nikaiweka mezani. Akaona ilivyochanwa. Rangi ikaanza kumtoka tena, nikamwambia haraka, "Ipime! Imejaa! Nilitaka kutia, haki ya Mungu nilikuwa nimeshaiinamisha, lakini Mwenyewe alinitangulia."

Akaipima mkononi, akaikunja pale palipochanika, akanirudishia. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa padri akaungama yote, ya chupa tangu mwanzo, hasa lile lililokuwa likimtafuna zaidi: mkate wa madhabahu wa miaka yote hiyo. Padri Lambros akamwambia, "Binti yangu, mkate ulikuwa mtakatifu kila Jumapili. Bwana hakukosa kuja hata siku moja kwa ajili ya chupa yako. Aliyekosa usingizi ni wewe peke yako."

Nami nilimpigia simu mwanangu Manthos, mfamasia, anafanya kazi Preveza, nikamsimulia. Sikupaswa. Akacheka. "Mama, huo si muujiza. Kuna vijidudu humo humo ndani ya unga, vidogo huvioni kwa macho. Ukiweka maji na joto vinaamka vyenyewe. Vinahitaji muda tu, siku mbili tatu. Vimo siku zote."

Nikampelekea Areti habari hiyo kwa kusitasita, maana niliogopa itamvunja. Alikuwa anafunga mkate wa kwanza katika kitambaa aende nao Yanina kwa Loukia. Mikono yake ikasimama.

"Vimo siku zote?"

"Ndivyo anavyosema."

"Hata mwaka ule wa kwanza?"

"Hata mwaka ule."

Akakaa. Machozi yakaanza kumtiririka huku anatabasamu. "Basi alikuwa ameshatia," akasema. "Kabla sijakanda. Kabla sijaolewa. Tangu ngano iko shambani alikuwa ameshatia, Zoitsa, na mimi nikikimbia ng'ambo ya mto usiku na mchana kumsaidia. Mwambie mwanao ahsante. Mwambie hajui ameniambia nini."

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Ana mkoba, ana mkate, na tumefika ndipo nikaona mwavuli haupo. Nikamwambia kumbe leo umesahau, akasema hajasahau. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima, meusi kabisa, na basi halijatokea mvua ikatukuta. Tulilowa kama kuku. Aliukumbatia mkate chini ya koti akawa anacheka peke yake, na mimi nikamtukana mpaka basi likaja.

Sasa ni Novemba. Loukia bado amelala kitandani, mwezi wa nne unakwisha, na Areti yuko naye huko. Jana nilimpigia simu. Nikamuuliza daktari anasemaje.

"Anasema bado mapema mno, huwezi kujua."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimeamka sasa hivi," akasema. "Ulinikuta nimelala."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba mchana.